Nilimnyima Mume Wangu Milioni 30

Kampuni yake ya programu za kompyuta ilikuwa inakua, wateja wametapakaa Kariakoo nzima, na mimi mkewe ndiye niliyeshika hesabu. Siku niliyosema hapana, nyumba ilitikisika.

Mpenzi msomaji, usinihukumu kabla hujafika mwisho.

Ilikuwa Jumatatu, Mei 8, 2023, kama saa tatu usiku. Watoto wamelala, wali umeshapoa mezani. Mume wangu akasogeza sahani pembeni, akatoa karatasi kwenye mkoba wa laptopu na kuniwekea mbele. Fomu ya benki. Yeye alishasaini, pamebaki mahali pa saini yangu.

"Mama, saini hapo basi tulale."

Shilingi milioni 30. Kodi ya miezi sita ya ofisi mpya maeneo ya Posta, pamoja na viti, meza na kapeti. Siku hiyo akaunti ya kampuni ilikuwa na milioni 61. Nilikuwa naijua akaunti ile kuliko ninavyojua mkoba wangu, maana mimi ndiye nilikuwa mkuu wa hesabu wa kampuni. Tatizo ni moja tu. Yeye aliona milioni 61. Mimi niliona milioni 4.9.

Nikasema hapana.

Na sio ile hapana ya kudeka, unayosema huku unacheka ili ubembelezwe. Hapana kavu. Akaniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, akaichukua fomu yake, akaenda kulala sebuleni. Tulikaa siku 11 bila kuzungumza.

Nimeamua kuyasema haya kwa sababu najua dada zangu wengi mnashika hesabu za biashara za waume zenu, au za wachumba, au za kaka zenu. Mnapewa ufunguo, halafu siku mkiutumia mnaitwa wakorofi. Mimi yamenikuta.

Kaunta buku ya mjomba

Tulianza kwa unyonge. Mjomba wa mume wangu anauza vitenge Mtaa wa Kongo. Mauzo yote, madeni yote, mzigo wote, ulikuwa kwenye kaunta buku moja iliyochakaa hadi jalada linashikiliwa na gundi ya karatasi. Mwaka 2016, mwaka ule ule mabasi ya mwendokasi yalipoanza kufika Kariakoo, mume wangu alikuwa ametoka chuo na hana kazi. Akamwandikia mjomba programu ya kwenye simu. Ukiingiza mzigo unaandika, ukiuza unabonyeza, jioni unaona umeuza nini na kimebaki nini. Hata ukiwa Guangzhou au Dubai unafungasha mzigo, unaona dukani kunaendeleaje.

Jirani wa mjomba akaitaka. Jirani wa jirani naye akaitaka. Si unajua Kariakoo, kitu kikifanya kazi duka moja, kesho mtaa mzima unacho. Wakapanga chumba ghorofa ya nne, Mtaa wa Mchikichi. Ngazi zimejaa marobota, lifti ilikufa zamani, joto la kukausha dagaa. Lakini vijana walikuwa na furaha, wanacheka mpaka saa sita usiku na chipsi zao.

Mimi wakati huo nilikuwa mhasibu kwenye ofisi moja Posta. Nimesoma pale CBE, napenda hesabu zangu zilale sawa. Nilikuwa nawasaidia Jumamosi tu. Agosti 2021, mwezi mmoja baada ya soko la Kariakoo kuungua ile usiku wa Julai 10, mume wangu akaniomba niache kazi nije moja kwa moja. "Tunakua," aliniambia, "tunahitaji mtu wa pesa tunayemwamini."

Nikaja. Siku ya kwanza nikakabidhiwa boksi la viatu. Ndani kuna risiti, stakabadhi za benki, karatasi za mkopo wa simu, na kitafunwa kilichosahaulika tangu lini sijui. Hiyo ndiyo ilikuwa idara ya fedha.

Swali langu la kwanza lilikuwa jepesi: tuna wateja wangapi? Wakanijibu kwa pamoja, kwa majivuno: maduka 430! Nikauliza, wanaolipa ni wangapi? Kimya. Ikanichukua wiki tatu kupata jibu. Walikuwa 288. Waliobaki walikuwa wanatumia bure, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na kazi ya kuangalia nani amelipa na nani hajalipa. Vijana wa programu walikuwa wanatengeneza programu, na vijana wa mauzo walikuwa wanauza. Pesa ilikuwa haina mwenyewe.

Kwani kazi yetu ni nini hasa?

Watu wakisikia "watu wa fedha" wanadhani ni kukaa nyuma ya meza, kugonga mihuri na kununa. Mimi nilivyoondoka kwenye ile idara tulikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na kazi ya kueleweka.

Wa kwanza alikuwa kijana wa makusanyo. Huyu alivaa raba, sio kiatu cha ofisini, maana alikuwa anatembea Mkunguni, Aggrey, Sikukuu, Narung'ombe, duka kwa duka. Wa pili alikuwa binti wa mishahara na kodi. Kodi ya mishahara na tozo ya ufundi stadi vinataka kwenda TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kuna NSSF, asilimia 20 ya mshahara, mfanyakazi na mwajiri wakichangia. Kuna vijana waliosoma kwa mkopo wa serikali, hao unawakata asilimia 15 unapeleka Bodi ya Mikopo. Ukisahau, faini ni yako. Wa tatu mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kujua kampuni itakuwa na shilingi ngapi wiki ijayo, mwezi ujao na miezi mitatu ijayo.

Hiyo ya mwisho ndiyo watu wengi hawaijui. Duka la vitenge ukiuza, umeuza, mtu anaondoka na kitenge chake mnaachana. Kampuni ya programu sio hivyo. Sisi tulitoza shilingi 25,000 kwa mwezi kwa duka, kabla ya VAT. Anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo tulimpa punguzo, analipa 250,000 badala ya 300,000. Basi Januari ikifika maduka kama 200 yanalipa ya mwaka, milioni 50 zinaingia, ofisi nzima inanukia pesa. Soda kila meza.

Mimi ndiye niliyekuwa naharibu sherehe. Nikawaambia: hivi nyie hamjawahi kucheza mchezo? Ukipangiwa kupokea wa kwanza, siku hiyo unatembea kifua mbele. Lakini umepokea pesa ya raundi zote zilizobaki. Unadaiwa. Ukila zote mwezi wa kwanza, mwezi wa sita utakimbia mtaa. Pesa ya mwaka mzima anayotupa mwenye duka Januari ni hivyo hivyo. Tumepokea wa kwanza. Bado tunamdai... hapana, bado anatudai miezi kumi na mmoja ya huduma, ya seva, ya kijana wa kupokea simu yake saa moja asubuhi mashine ikigoma.

Na hizo seva, shoga yangu, tunakodi nje kwa dola. Mapato yetu ni ya shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka ulipoisha ilikuwa imefika kwenye 2,500, na kuna wiki benki wanakuambia hamna dola, njoo Alhamisi. Vijana hawakulijua hilo. Wao waliona seva inawaka.

Milioni 61 zilizokuwa 4.9

Sasa turudi kwenye ile fomu.

Aprili 2023 tulipata mteja mkubwa. Mwenye maduka mengi makubwa, sitamtaja. Kazi ya kumwekea programu kwenye maduka yake yote, kuirekebisha anavyotaka na kufundisha wafanyakazi wake: shilingi milioni 120. Kwa kampuni iliyozoea 25,000, hiyo ilikuwa ndoto. Mume wangu alisaini, akaagiza biriani ya watu 17, tukala tukasaza. Alikuwa mtu wa kufuatilia sana habari za NALA, ile kampuni iliyoanzia hapa hapa Tanzania, ambayo Januari 2022 ilipata dola milioni 10 za wawekezaji. Akasema, "Na sisi zamu yetu inakuja. Ila mwekezaji hawezi kupanda ngazi za Mchikichi akiruka marobota." Hapo ndipo wazo la ofisi ya Posta lilipozaliwa.

Mkataba nilikuja kuusoma baada ya biriani. Mteja atalipa ndani ya siku 90 baada ya kupata ankara. Hakuna malipo ya awali. Na ankara tulishampa Aprili 18, na risiti ya mashine juu.

Mnaofanya biashara mmeshaelewa. Ukishatoa ankara na risiti, TRA wanahesabu umeuza, hawaulizi kama umelipwa. VAT ni asilimia 18. Asilimia 18 ya milioni 120 ni milioni 21.6, na inatakiwa ifike TRA tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mteja analipa Julai, kama atakumbuka. Mei tunatoa sisi. Yaani mauzo yale tuliyoyapigia makofi yalikuwa yanatudai milioni 21.6 kabla hayajatuletea hata shilingi moja. Na hata akilipa, atakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, milioni 6, kabla hajatutumia.

Sasa chukua kalamu. Akaunti ina milioni 61. Toa VAT ya Aprili, ya mteja mkubwa na ya maduka madogo, milioni 25.2. Toa mishahara ya Mei na makato yake, milioni 16.5. Toa kodi ya ofisi ya Mchikichi ya miezi sita, tarehe imefika, milioni 10.8. Toa seva, milioni 3.6. Imebaki ngapi? Milioni 4.9.

Nilimweleza usiku ule ule. Akanijibu, "Lakini makusanyo ya Mei si yanaingia? Kila mwezi yanaingia."

Nikamwambia pesa ambayo haijaingia sio pesa.

Akasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka yananichoma. "Wewe kazi yako kuona mwisho wa kila kitu." Halafu akachukua mto wake.

Siku kumi na moja

Nyumba ambayo watu hawasemeshani ina sauti zake. Unasikia kijiko kwenye kikombe. Unasikia ufunguo mlangoni na miguu ikielekea sebuleni. Ofisini ndio balaa, maana tunakaa chumba kimoja. Ananitumia ujumbe wa WhatsApp na mimi nipo mita tatu: "Tafadhali nitumie taarifa ya benki." Tafadhali! Mume wangu hajawahi kuniambia tafadhali tangu anioe.

Siku ya nne mama mkwe akaja. Nani alimwita sijui. Alikaa, akanywa chai, akasifia maandazi yangu, halafu akanigeukia taratibu. "Mwanangu, mwanamke hashindani na mumewe kwenye pesa aliyoitafuta mwenyewe. Umemuaibisha."

Nikasema, "Samahani mama." Nikanyamaza. Ningemwambia nini? Kwamba kati ya ile pesa milioni 25 ni za serikali na 16 ni za watoto wa watu? Kwake mimi nilikuwa mke tu, na ile akaunti ilikuwa ya mwanaye.

Usiku nililia, na sitaki kujifanya shujaa. Maana kuna jambo nililijua mwenyewe. Kosa nilikuwa nalo. Siku ya biriani nilihisi kabisa mkataba una walakini. Nilitaka kuuliza, malipo ya awali yako wapi? Nikaogopa. Watu 17 wanamshangilia mume wangu, mimi nisimame kuuliza maswali ya pesa? Wangesema namwonea wivu mume wangu mwenyewe. Nikapiga makofi na wengine. Kama ningeuliza kabla hajasaini, tusingefika kwenye ile fomu ya benki. Mtu wa hesabu akinyamaza ili apendwe, anakuja kusema wakati umeshapita, na hapo hata akisema kweli anaonekana adui.

Maduka yalipofungwa

Jumatatu iliyofuata, Mei 15, kijana wa makusanyo alinipigia simu saa tatu asubuhi. "Dada, njoo dirishani uone."

Kariakoo ilikuwa imefungwa. Sio duka moja, mitaa kwa mitaa, milango ya chuma imeshushwa, watu wamesimama nje na fulana zao wamekunja mikono. Ule mgomo nadhani unaukumbuka. Wafanyabiashara walikuwa wanalalamikia kusumbuliwa na watu wa kodi, mambo ya risiti za mashine na ule mpango wa kusajili stoo. Ulidumu siku tatu, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokutana nao Mnazi Mmoja Mei 17.

Siku tatu unaweza kuona ni chache. Lakini maduka mengi yalikuwa yanatulipa kati ya tarehe 10 na 20. Aliyefunga duka siku tatu akifungua anatafuta kwanza pesa ya kontena lake, sio pesa ya programu. "Dada mhasibu, nivumilie hadi mwisho wa mwezi," ndio wimbo niliousikia wiki nzima. Na mimi ningewalaumu vipi? Tulizoea kukusanya zaidi ya milioni 15 kufikia siku ya mshahara, tarehe 25. Safari hii zilipatikana milioni 8.

Fanya tena hesabu. Kama ile milioni 30 ingekuwa imeshakwenda Posta, baada ya VAT na seva, na hizo milioni 8 juu, tungekuwa na milioni 10.2. Mishahara ni milioni 16.5. Tungepungukiwa milioni 6.3, na tungekuwa na kapeti nzuri sana.

Tarehe 20 iliangukia Jumamosi. VAT niliilipa Ijumaa, Mei 19. Nilikuwa napanga zile karatasi kwenye faili nikaona kivuli mezani. Mume wangu amesimama. Siku ya kumi na moja.

"Mishahara itatosha?" akaniuliza.

"Itatosha. Ya mwezi huu."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Hakuomba msamaha, na mimi sikumwambia "si nilikuambia". Lakini jioni tulipanda gari moja.

Asubuhi moja Mtaa wa Aggrey

Juni nikamwomba kitu kimoja: atoke na kijana wa makusanyo asubuhi moja tu. Tangu kampuni ikue alikuwa hajaingia dukani kwa mteja zaidi ya mwaka. Akakubali kwa shingo upande.

Walipita maduka ya simu Mtaa wa Aggrey, wakaingia kwa mzee mmoja wa vipuri, mteja wetu wa siku nyingi ambaye alikuwa hajalipa miezi mitatu. Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo mzee." Mzee akaitikia, akamkalisha kwenye kiboksi, akamwagizia kahawa. Halafu akamwambia, "Kijana wangu, programu yako nzuri. Inaniambia nimeuza nini. Lakini mimi nauza kwa mali kauli kwa watu wa mikoani. Haniambii mtu nani hajanilipa, na nani amechelewa siku ngapi. Sasa na mimi nisipolipwa, wewe nitakulipa na nini?"

Kijana wetu wa makusanyo alikuwa ameshayaandika maneno hayo kwenye ripoti yake mara tatu. Maduka 41 yalikuwa yamesema jambo lile lile. Ripoti ilikuwa inaishia mezani kwangu, kwa sababu vijana wa programu waliona ni "mambo ya madeni".

Mume wangu alirudi ofisini jasho linamtoka, akafuta ubao wote, akaandika neno moja: MADENI. Ndani ya miezi miwili programu ikawa na sehemu ya kufuatilia wadaiwa na kuwakumbusha kwa ujumbe wa simu. Mzee wa Aggrey akalipa ya mwaka mzima. Hapo ndipo mume wangu alipoona kwamba watu wa fedha ndio wa kwanza kusikia mteja anapoanza kukata tamaa. Mteja akichoka hapigi simu kulalamika. Anaacha tu kulipa.

Yule mteja mkubwa wa siku 90? Alilipa Septemba 14, baada ya siku 149. Tulipita katikati kama mtu anayevuka Msimbazi wakati wa mvua, hatua moja moja. Hatukuajiri mtu, hatukuhama, na mimi na mume wangu hatukujilipa mshahara miezi miwili. Wafanyakazi walilipwa kila tarehe 25.

Hapana ya mke na hapana ya kampuni

Mwisho wa mwaka tulikaa, sisi wawili, nikamwambia uamuzi wangu. Nataka kuacha kuwa mkuu wa hesabu.

Akashtuka. "Kwa nini, na sasa tumeelewana?"

Kwa sababu hapana yangu ilikuwa inalala kitandani. Nikimkatalia ofisini, nyumbani anaona nimemdharau. Akinikasirisha nyumbani, kesho ofisini kila ninachokataa kinaonekana kisasi. Na mimi mwenyewe, kwa kuogopa hayo, Aprili ile nilinyamaza na kupiga makofi. Kampuni ya watu 17 haiwezi kutegemea kama mke wa bosi ameamka na furaha.

Januari 2024 tukaajiri mhasibu mwenye CPA kutoka nje. Mama mmoja wa makamo, mpole, hacheki ovyo. Tukaandika sheria kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani. Mkataba wowote unaozidi milioni 20 unapita kwenye meza yake kabla ya kusainiwa. Kazi kubwa haianzi bila malipo ya awali ya asilimia 40. VAT inakaa kwenye akaunti yake peke yake, kwa sababu sio yetu, tumeshikiziwa. Na kila Jumatatu asubuhi, ukurasa mmoja: tuna shilingi ngapi, tunadaiwa ngapi, mishahara ya miezi mingapi ipo. Ukurasa huo wanausoma wote, hadi kijana anayepika chai.

Mei 2024 tulisoma habari za Copia ya Kenya. Ilianzishwa 2013, ikapata zaidi ya dola milioni 100 za wawekezaji, na mwezi ule ikawekwa chini ya wasimamizi kwa kukosa pesa za kuendelea. Mume wangu alinionyesha kwenye simu bila kusema neno. Hatukucheka. Kama wenye mamilioni ya dola wanaishiwa, sisi wa ghorofa ya nne Mchikichi ni nani?

Dada yangu unayesoma hapa na umeshika hesabu za mwenzio, nikuachie haya machache. Uliza kabla ya biriani, sio baada. Tenga pesa ya kodi siku ile ile inapoingia. Mweleze mwenzio kwa kalamu na karatasi, sio kwa sauti. Na biashara ikishakua, tafuteni mtu mwingine wa kusema hapana, ili wewe ubaki mke. Wanaume nao mnaosoma kwa kuibia: anayekuonyesha milioni 4.9 wakati wewe unaona 61 hakuchukii.

Kariakoo ilipata jina lake kwa wapagazi wa kikosi cha Waingereza cha Vita ya Kwanza ya Dunia, watu waliobeba mizigo ya jeshi. Mimi nawaona watu wa fedha ni wapagazi wa kampuni. Hawaonekani kwenye picha, lakini mzigo uko kichwani kwao.

Mimi sasa niko idara ya wateja. Wiki iliyopita mume wangu alirudi nyumbani amenuna. Akavua viatu, akajitupa kwenye kochi, akaanza: "Yule mama wa hesabu! Nimempelekea bajeti ya gari la kampuni, ameniangalia tu, akaandika 'Haiwezekani kabla ya Septemba'. Hivi ana roho gani yule?"

Nikamwekea supu, nikakaa pembeni yake. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze hii kampuni, niliweza kumwambia, "Pole, baba," na nikawa namaanisha.